Jiwe Nililotoka Nalo Kasulu

Mkaa mzuri ukimwagwa hulia. Haulii kama kuni wala kama mawe. Unalia kama vikombe vya udongo vinavyogongana ndani ya ndoo. Mlio huo ninao masikioni mpaka leo, kwa sababu ndio niliousikia asubuhi ile Masenge alipokokota gunia lake la mwisho hadi ukingo wa korongo nyuma ya nyumba, akalimimina lote chini. Alikung'uta gunia, akalikunja mara nne kama kitenge, akaingia ndani.

Masenge ni shangazi yangu, dada yake baba; huku kwetu Mabamba ndivyo tunavyowaita. Ndiye aliyenilea. Mumewe alipofariki alishika kazi ya kuchoma mkaa, na kwa mkaa huo nimesoma mpaka darasa la saba, nimevaa, na hata redio ninayowasumbua nayo kila jioni imetokana na mkaa. Sasa msimu huu mvua ya mawe ilishuka ikalaza maharage ya mteremko mzima, yetu na ya watu. Siku chache kabla, walikuwa wamepita wataalamu na kipaza sauti wakituambia moshi unaharibu tabianchi, tuache mkaa. Watu wakachukua maneno ya kipaza sauti wakayafunga pamoja na maharage yao. Kisimani mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Muulizeni mwenye tanuri, mvua yetu kaifanya nini."

Lililomuumiza zaidi lilikuwa la ujima. Tunalima shamba la mmoja wiki hii, la mwingine wiki ijayo, na kila mtu anapimiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima, kabla jembe halijagusa udongo. Masenge alifika na jembe begani akakuta ngwe zote zimeshapimwa mpaka mwisho wa shamba, yake haipo. Akageuka akarudi. Kesho yake ndipo akamwaga mkaa.

Kwa hiyo kikundi chetu cha majiko ya udongo kilipoambiwa kitoe watu wawili waende Kasulu, kwenye mkutano wa kuandika tamko la watu wa nyanda hizi, la kupelekwa mbele ya mataifa, kuhusu moshi wa dunia, nani apunguze na kwa kiasi gani, nilinyoosha mkono kabla sijamaliza kufikiri. Walimchagua mwenyekiti wetu, Mama Esperansi, na mimi kwa kuwa siogopi kipaza sauti. Masenge alinifungia viazi vya njiani, akanipa na swali moja.

"Ukifika kwa hao wenye kujua, Leonsia, waulize kama ni mimi."

Mmeniuliza mara nyingi Kasulu kulikuwaje. Basi kaeni, nianze njiani.

Mabamba hadi Kibondo

Tulitoka na bodaboda mbili, moja yangu na moja ya Mama Esperansi na kuku wake. Kuku alikuwa zawadi kwa dada yake wa Kasulu, na alikuwa amevaa kikapu kama koti, kichwa tu nje. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha njia, kwa hiyo kila tulipofika kilima tulishuka tukapanda kwa miguu, pikipiki zikitufuata nyuma zikiguna kama wazee.

Kwenye kilima cha tatu nilimuuliza lile lililokuwa likinikereketa. Maana mwenyekiti wetu ndiye pia hupima ngwe za ujima.

"Mama Esperansi, siku ile ya Masenge, ulimsahau?"

Alitembea hatua kama kumi akirekebisha kikapu cha kuku. Yeye ni mtu wa maneno, mnamjua, amezaliwa kambini Mtabila kwa wazazi wa Burundi, na anasema kambini ukinyamaza unakosa foleni. Siku hiyo alinyamaza.

"Sikumsahau," akasema mwishowe. "Wengi waliniambia nisimpimie. Mwenyekiti akipima kinyume na watu, kesho anapima peke yake."

"Kwa hiyo ulijua si yeye?"

"Sikujua ni yeye wala si yeye. Ndiyo maana nami nakwenda, mwana." Kisha akamgeukia kuku. "Na wewe acha kunitazama hivyo."

Kibondo tulifika jua limeshakuwa kali. Tulikula ugali wa muhogo na maharage kwa mama mmoja karibu na stendi. Yalikuwa yameungwa kwa mawese mpaka mchuzi umekuwa rangi ya machweo, na nilikula kama nimetoka vitani. Mama Esperansi alimpa kuku wake tonge, mwenye hoteli akasema wageni wa meza wanalipiwa wote.

Kibondo hadi Makere

Gari tulilotegemea lilikuwa limeshaondoka. Tukapata nafasi kwenye lori la mizigo lililokuwa likienda Kasulu na magunia ya maharage. Mwenye magunia mengi alikuwa amekaa mbele na dereva, mzee wa kanzu na koti, ndevu nyeupe kama pamba iliyopasuka. Anaitwa Mzee Shabani, ana duka Kasulu, na wazazi wake walitoka pwani, kwa hiyo Kiswahili chake kinateleza kuliko chetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pandeni juu ya magunia, ila msiyalalie, hayo ni maharage si magodoro."

Lami ilikuwa tamu mpaka tukafika sehemu inayotengenezwa, tukaelekezwa kwenye mchepuko wa udongo. Hapo lori likazama. Magurudumu ya nyuma yalichimba mpaka yakajizika, na dereva akashuka, akatazama, akavua viatu, tukajua tumefika pa kukaa.

"Tushushe mzigo," akasema. "Wote."

Mzee Shabani akashuka taratibu akishika koti. "Haya jamaa, tusaidiane. Sote tumo kwenye lori moja."

Mama Esperansi alibaki juu, kuku mapajani. "Lori ni moja, mzee, sikatai. Mzigo si mmoja. Mimi nina kuku tu. Lori halikuzamishwa na kuku."

Watu wakacheka. Dereva akasema kuku naye ana uzito wake.

"Basi nitamshusha kuku," akasema Mama Esperansi, akamshusha, akamweka pembeni kwa heshima zote, akarudi kukaa.

Mzee Shabani hakukasirika. Alikuna ndevu. "Mama huyu kasema kweli, na kweli yake inaniumiza mgongo." Akainama, akashika gunia la kwanza mwenyewe.

Nyie, mimi sikuweza. Mzee wa umri wa babu yangu ameinamia gunia, na mimi nimesimama na mikono yangu miwili? Nililivuta kutoka kwake, nikalibeba. Na la pili. Mama Esperansi alinitazama kwa macho ya kunihurumia, halafu akashuka naye, huku akinung'unika kwa Kirundi maneno ambayo sitayarudia hapa. Tulishusha magunia yote, tukasukuma, tukapakia. Mzee Shabani alibaki ametushikia kuku.

Tulipofika Makere aliwanunulia abiria wote mahindi ya kuchoma. Ndipo tukajua kwamba naye anakwenda mkutano ule ule, kwa niaba ya wafanyabiashara.

Kasulu, siku ya mawe

Asubuhi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na wakulima, wafuga nyuki, walimu, mabwana wa kaunda suti, na vijana waliojua kutumia simu kuliko mimi. Aliyetuongoza alikuwa kijana wa Dodoma anaitwa Elia, mwembamba, mpole, mwenye madaftari mengi. Alikuwa amepanga mawe ya mtoni kwenye sakafu, lundo kubwa.

"Haya mawe," akasema, "ni moshi wote ambao dunia imeupeleka angani tangu viwanda vianze. Kila nchi itabeba wake, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Nataka muone kwa macho."

Akagawa nchi. Bwana mmoja akawa nchi ya viwanda vya sasa, mwingine nchi ya mafuta. Mzee Shabani akawa nchi tajiri ya zamani, iliyoanza kuchoma makaa ya mawe kabla babu zetu hawajazaliwa. Akapewa kiroba kilichojaa mpaka mdomoni. Mama Esperansi akapewa Burundi. Elia akatafuta jiwe lake mpaka akalazimika kuokota kokoto. Mimi nikawa Tanzania, nikapewa jiwe moja la ukubwa wa ngumi.

"Hili tu?" nikauliza.

"Hilo tu."

"Mkaa wetu wote umo humu?"

"Umo. Na magari, na umeme, na kila kitu."

Nililishika jiwe lile nikaona macho yananiuma. Nilikuwa nimetoka Mabamba nikidhani nitakuta mlima.

Elia akasema twende. Mzee Shabani akainua kiroba chake kifuani, akaenda hatua tatu, ya nne akayumba. Jasho likamtoka. Sasa mtanilaumu, lakini mnajua tulivyolelewa. Mtoto wa kwetu akikutana na mzee ana mzigo, haulizi ni mzigo wa nani. Nilivua khanga, nikaizungusha ngata, nikamkimbilia, nikachukua kiroba nikakiweka kichwani. Mama Esperansi akaja upande wa pili akachota mawe mengine kwenye kitenge chake. Akina mama watatu waliokuwa nchi nyingine maskini wakatuona, nao wakaja. Tulifika ukuta wa pili tukiimba, Mzee Shabani nyuma yetu mikono mitupu, akipepesa leso, na ukumbi unapiga makofi.

Elia alikuwa ameshika kichwa.

"Dada Leonsia. Wewe ni Tanzania. Umebeba mawe ya nani?"

"Ya mzee."

"Hapa si mzee. Hapa ni nchi tajiri."

"Hata kama ni nchi," nikasema, "ana mvi."

Walicheka mpaka mwalimu mmoja akatoka nje kupumua. Elia naye akacheka, lakini aliandika kitu kwenye daftari lake, na mimi nikaketi nikiwa na aibu. Nilijua nimeharibu mchezo wa watu. Mama Esperansi akaninong'oneza, "Kwenye lori ulifanya hivi hivi." Neno hilo likaniingia likakaa.

Kasulu, mchana

Baada ya wali na migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani, bwana mmoja wa kaunda suti alisoma rasimu ya tamko. Ilikuwa na maneno mazuri. Lakini mstari wa pili ulisema kuwa wachoma mkaa na wakata kuni wa vijijini ndio chanzo kikuu cha mabadiliko ya tabianchi katika nyanda zetu, na kwamba wao ndio waanze kuwajibika.

Nilimwona Masenge. Nilimwona akilikunja gunia mara nne.

Elia alieleza kwamba hata wakubwa wa dunia hawajakubaliana. Wapo wanaotaka kila nchi ihesabiwe moshi wake wa leo. Wapo wanaosema uhesabiwe kwa vichwa vya watu, maana nchi ya watu wengi si sawa na ya wachache. Wengine wanasema uhesabiwe tangu mwanzo, na wengine kwamba anayevaa nguo abebe moshi wa kiwanda kilichoishona, hata kama kiko ng'ambo. Akauliza kama kuna mwenye la kusema.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Walinipa kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza nikakiogopa.

"Mwakeye," nikasalimia kwa Kiha, wakaitikia. "Mimi naitwa Leonsia, natoka Mabamba. Sijasoma sana. Najua ujima. Kwetu tukilima, ngwe hazilingani. Kijana mwenye nguvu anapimiwa ndefu, mama aliyejifungua juzi anapimiwa fupi, lakini hakuna asiyepimiwa. Na yule ambaye shamba lake lililimwa la kwanza, sasa maharage yake yameshaota, haruhusiwi kusema jembe limemchosha. Yeye ndiye anatakiwa awahi kuliko wote, kwa sababu sisi tulishamlimia. Nchi zilizotangulia zimeshavuna. Zije na majembe kwanza. Na ngwe yao iwe ndefu."

Bwana wa kaunda suti akainuka. Hakuwa mtu mbaya. "Binti, haba na haba hujaza kibaba. Moshi wa kila tanuri ni haba."

"Kweli, mzee wangu. Lakini kibaba hiki tumekikuta kimejaa. Sisi tumedondoshea punje juu."

"Na chemchemi zilizokauka huko kwenu? Miti iliyokatwa? Hilo nalo ni la Ulaya?"

Ningeweza kusema ndiyo, na wangenipigia makofi. Lakini chemchemi ya juu ya kwetu naijua, na najua miti yake ilienda wapi. Nilichota maji hapo nikiwa mtoto.

"Hapana," nikasema. "Hilo ni letu. Hiyo ndiyo ngwe yetu, na tutailima. Ila msitupimie ngwe ya mwenye kiroba mkasema ni yetu, kisha mkatuambia sote tuko kwenye lori moja."

Hapo Mzee Shabani akasimama. Alitembea mpaka ule ukuta wa pili, kwenye lundo la mawe tuliyombebea. "Mimi leo ni nchi tajiri," akasema, "na binti huyu alinibebea mzigo wangu kwa adabu zake. Nami nikafurahi nikapepesa leso. Jana pia, kwenye tope, nilifurahi. Sasa naomba nirudishiwe." Akachutama, akaanza kurudisha mawe kwenye kiroba, moja moja. Nilitaka kuinuka nikamsaidie. Mama Esperansi alinishika khanga, akanikalisha.

Aliyabeba kurudi ukuta wa kwanza kwa safari tatu. Hakuna aliyecheka. Mstari wa pili ukafutwa, ukaandikwa mwingine: kwamba nchi zilizochoma zaidi na mapema zaidi zianze na zibebe zaidi, na sisi tutatunza misitu na chemchemi zetu kwa kadiri ya ngwe yetu. Neno ngwe limebaki vilevile. Elia alisema atapambana wasilibadilishe. Nyie, neno la shambani kwetu liko kwenye karatasi inayokwenda kusomwa mbele ya mataifa. Nilitembea Kasulu nzima jioni ile kama nimepandishwa cheo.

Kabla hatujaachana nilimuuliza Elia lile swali. Nilimweleza Masenge, tanuri, na mvua ya mawe.

"Mvua ya mawe ya siku moja hakuna anayeweza kusema imeletwa na nani," akajibu. "Ila kama shangazi yako anadhani ameichafua hewa ya dunia, mwambie alichochoma maisha yake yote hakionekani kwenye jiwe lile hata kwa miwani."

"Naweza kulichukua?"

"Jiwe?"

"La Tanzania."

Akanipa, akiwa haelewi.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa fupi, kama njia zote za kurudi. Tulilala Kibondo, tukanyeshewa, tukafika. Mama Esperansi hakuwa na kuku wa kuongea naye tena, kwa hiyo aliongea na mimi. Alisema maneno mengi, ila moja tu kuhusu Masenge: "Ujima wa Alhamisi ni shambani kwangu. Wakiniacha nipime peke yangu, nitapima peke yangu."

Masenge nilimkuta akichambua maharage yaliyosalia. Nilimwekea jiwe mapajani.

"Nini hiki?"

"Huu ndio moshi wa nchi yetu yote, tangu mwanzo. Wewe umo humo ndani, na wachoma mkaa wote, na magari ya mawaziri. Mzee mmoja wa Kasulu alikuwa na kiroba kizima."

Aliligeuza. "Umetoka Kasulu na jiwe. Mabamba mawe yameisha?"

"Masenge, nimeuliza. Si wewe."

Alipitisha kidole juu ya jiwe. "Na chemchemi?"

Sikutaka kumjibu. Lakini nilikuwa nimeshalisema mbele ya ukumbi, ningelifichaje jikoni? "Chemchemi ni yetu."

"Ego, ndiyo," akasema. "Hiyo naijua. Hiyo nitaipandia miti." Kisha akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu mvua ya mawe. "Magari ya mawaziri nayo yamo?"

Lakini jioni ya Jumatano nilipomwambia kesho ni ujima kwa Mama Esperansi, alisema mgongo unamuuma. Nilijua si mgongo. Aliogopa kufika tena na jembe begani akute shamba limeisha.

Asubuhi ya Alhamisi niliamka wa kwanza, nikachukua jiwe, nikaenda shambani kwa Mama Esperansi umande ukiwa bado mzito kwenye nyasi. Vijiti vya kupimia ngwe vilikuwa vimeshachomekwa mpaka cha kwangu. Baada ya changu kulibaki ardhi ambayo Mama Esperansi alikuwa ameiacha wazi. Nilisimama hapo nikahesabu hatua za Masenge, si zangu. Zake ni fupi, na ngwe ya mtu hupimwa kwa nguvu zake. Nilipofika mwisho nilichimba kishimo kwa kisigino, nikalitia jiwe ndani badala ya kijiti, nikalikandamiza mpaka likakaa imara. Kisha nikarudi nyumbani kumchukulia jembe lake.